Kabla ya kusema « wametukatia », tupime kwanza



Kila mara ukurasa fulani ukikataa kufunguka kwenye wifi ya nyumbani, ujumbe unaanza kuzunguka mu magrupu: « Wametukatia tena! » Tunaelewa. Mwezi wa kwanza 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, ikakatwa tena, tukakaa karibu siku 20 gizani wakati matokeo ya kura zetu yanatayarishwa. Aliyeumwa na nyoka akiona jani anashtuka.

Lakini si kila jani ni nyoka. Tukilia kwamba serikali imefunga, kumbe mega zimeisha tu, siku watafunga kweli nani atatuamini? Wenye kukata watasema: hawa vijana ni waongo, hata jana walidanganya.

Kwa hiyo tunaomba kila mmoja apime mbele ya kupasha habari. Ni kazi ya dakika chache.

Anza na simu yako. Kama betri ilizimika kabisa na tarehe ikaharibika, kurasa nyingi zitakataa kufunguka, juu simu inaona cheti cha usalama kama muda wake haujaanza ao umepita. Rekebisha tarehe. Kisha jaribu ukurasa ule ule kwenye simu ya mwingine, wifi ile ile. Ukifunguka kwake, shida iko kwako.

Ukikataa kwa wote, zima wifi, tumia mega za simu, na kama iwezekanavyo rezo ya kampuni ingine. Ukifunguka hapo, shida iko kwa modemu ao kwa kampuni inayowapa wifi. Modemu nyingi zina kichujio cha watoto. Pengine mwenye nyumba alikiwasha akasahau. Muulizeni kwa heshima, msianze na matusi.

Kichujio hakipo? Badilisheni DNS. Hiyo ndiyo inayogeuza jina la ukurasa kuwa namba ambayo mashine inatafuta. Katika mipangilio ya modemu wekeni 1.1.1.1 ao 8.8.8.8. Kama ukurasa unafunguka sasa, DNS ya kampuni ndiyo ilikuwa inakosea ao inazuia. Kama bado unakataa, uliza ndugu aliye inchi ingine, kama Kampala, aufungue. Ukikataa hata kwake, pengine ukurasa wenyewe umeanguka, hakuna aliyekufungia.

Na VPN? Inasaidia, lakini si dawa ya kila kitu. VPN ya bure ambayo hujui mwenyewe ni nani inaweza kuona kurasa unazotembelea. Usimkimbie mwizi wa barabarani ukamkabizi ufunguo mwizi wa nyumbani.

Ukimaliza kupima, na ukurasa unafunguka kwa VPN ao kwa watu wa inchi ingine huku kwako kampuni mbili tatu zinaukataa, sasa uko na ushahidi. Andika jina la ukurasa, tarehe, saa na kampuni, na upige picha ya kioo cha simu. Programu ya bure OONI Probe inaweza pia kupima na kuweka matokeo wazi kwa dunia nzima. Jua tu kwamba matokeo hayo yanaonyesha inchi na rezo uliyotumia; fikiri usalama wako kwanza.

Hapo ndipo sauti yetu inapata nguvu. Katiba ya 2006, kifungu cha 23, inatupa haki ya kusema maoni yetu. Kifungu cha 24 inatupa haki ya kupata habari. Tunadai amri yoyote ya kufunga itolewe kwa maandishi, ionyeshwe kwa raia, iseme sababu na mwisho wake. Kampuni nazo ziwaambie wateja ukweli: tumelipa, hatukuombwa zawadi.

Serikali inayokata intaneti kimyakimya inategemea raia wasioweza kutofautisha amri na ubovu wa modemu. Tusiwe raia wa namna hiyo. Tupime, tuandike, ndipo tuseme. Na tukisema, wasipate pa kutoka.