Kitambulisho chavuka mpaka, makosa yasivuke nacho

TANGU Januari 2014, mkazi wa Eastleigh, Pumwani au Umoja aweza kuabiri basi jijini Nairobi na kufika Kampala au Kigali bila pasipoti. Kitambulisho cha taifa chatosha, kufuatia makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda.

Hata hivyo, kutambua kadi ni jambo moja; kuunganisha sajili zilizoitoa ni jambo jingine.

Katika forodha, mataifa haya yamepiga hatua. Kenya ilianza kutumia mtambo wa Simba mwaka 2005, huku Uganda ikitegemea ASYCUDA. Mpango wa himaya moja ya forodha ulipoanza mwaka 2014, mitambo hiyo ililazimika kupashana habari ili ushuru wa shehena ya Kampala ulipwe ingali Mombasa. Hakuna aliyehitajika kuutupa mtambo wake, bali kukubaliana ni habari zipi zipitishwe.

Lakini binadamu si kontena. Mnamo Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu walikamatwa Eastleigh na mitaa jirani, wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani stakabadhi zao zikikaguliwa. Aidha, kuna Wakenya walionyimwa vitambulisho kwa sababu alama zao za vidole zilipatikana katika sajili ya wakimbizi, baadhi yao wakiwa waliandikishwa wangali watoto, familia zikitafuta chakula cha msaada. Sajili mbili za nchi moja zilikutana, na aliyeumia ni raia.

Kosa kama hilo likisambazwa kwa mitambo ya kanda, mwathiriwa atafungiwa mlango nyumbani, kisha Busia na Malaba pia.

Mahakama Kuu iliwahi kuonya. Januari 2020 iliamuru Huduma Namba isitekelezwe kabla ya kuwepo kanuni thabiti, na Oktoba 2021 ikaharamisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa athari zake kwa usiri wa data hazikuwa zimetathminiwa kwanza.

Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Kila sheria ina msimamizi wake. Basi kabla ya nyaya kuunganishwa, viongozi wa Jumuiya wana swali la kujibu: mkazi wa Eastleigh akikosewa na sajili iliyo ng'ambo ya mpaka, atabisha mlango wa nani?