Mchezo Bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twasema kuwa michezo ya watoto nayo ni mali.

Mtaani Pipeline, Embakasi, majumba ya ghorofa yamesongamana hata jua la asubuhi halifiki chini. Humo vichochoroni ndimo watoto wanamochezea kati na raunda, kwa mpira wa matambara na kipande cha ubao. Raunda ni ndugu wa besiboli, mchezo unaoenziwa na Wamarekani: mpira hurushwa, hupigwa kwa gongo, na mpigaji hukimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alikoanzia. Tofauti kubwa ni kuwa wenzetu waliandika.

Aliyewatangulia katika kazi hiyo ni mwandishi wa magazeti, Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia New York katika karne ya 19. Alieneza jedwali la kuhesabia mapigo, mizunguko na makosa ya kila mchezaji. Ndiyo sababu hadi leo yajulikana kuwa mwaka 1941 Joe DiMaggio alipata pigo salama katika mechi 56 mfululizo, na kuwa Cy Young, mrushaji, alishinda mechi 511.

Hata hivyo, daftari nalo laweza kudhulumu. Wachezaji weusi walitengwa, wakaunda ligi zao, na hesabu zao zikaachwa nje. Josh Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuingia ligi kuu. Ni mwaka 2024 ndipo hesabu za ligi hizo za 1920 hadi 1948 zilipotiwa katika daftari kuu, na Gibson, kwa wastani wa mapigo 372 katika kila majaribio 1,000, akampita Ty Cobb. Haki ilimkuta kaburini.

Jirani zetu wa Uganda nao wajua uzito wa karatasi. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu kwenda Marekani kwa mashindano ya dunia ya Little League, wakanyimwa viza kwa hitilafu za hati za umri. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na wakaishinda timu ya Oregon 3-2. Ushindi huo umeandikwa, haufutiki.

Je, bingwa wa raunda wa Pipeline ni nani? Hapana ajuaye. Akihama na wazazi wake, sifa yake huhama naye. Twawaomba walimu watenge daftari moja la mazoezi kwa michezo, na wenye mamlaka wakilinde kila kipande cha ardhi kilichosalia kwa watoto. Daftari bila kiwanja litabaki tupu, na kiwanja kikishajengwa ghorofa hakirudi.