Kabla ya kuuliza nauli, tazama miguu ya mtoto

Asubuhi ya baridi mjini Makambako. Malori ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma yanapunguza mwendo, mabasi ya Njombe na Songea yanaacha barabara kuu, na treni ya Tazara inapita kwenye reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Katikati ya magurudumu hayo yote, mtoto wa chekechea aliyeviringishwa shuka anapandishwa kwenye pikipiki.

"Panda tu mama, ni hapo hapo," anasema dereva wa bodaboda.

Mama anauliza nauli, anatazama saa, safari inaanza. Miguu ya mtoto imekaa wapi? Hilo halikuulizwa, na ndilo linalowapeleka watoto wengi hospitali.

Mzigo ulioshuka kichwani

Gurudumu lina zaidi ya miaka 5,000. Huku kwetu lilichelewa. Katika karne ya 19, bidhaa kati ya Bagamoyo na Ujiji zilibebwa na wapagazi kichwani na begani, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi. Ng'ombe wa kukokota wangeweza kusaidia, lakini mbung'o waliwaua njiani.

Leo gurudumu limewapunguzia akina mama mzigo. Ndoo za maji zinapanda kwenye toroli, magunia ya viazi ya Njombe yanakwenda sokoni kwa guta na pikipiki. Mtoto asiyeweza kutembea anafika darasani kwa kitimwendo. Wengine wanasukuma tairi kuukuu kwa kijiti au kuendesha magari ya waya waliyotengeneza wenyewe. Huo ni mchezo mzuri kwa afya, mradi wacheze uwanjani, mbali na barabara na miteremko.

Hata tairi la upepo lina historia ya mzazi na mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1880, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alilitengeneza ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimrushe sana barabarani.

Hatari iko kwenye spoku

Magurudumu ya kwanza yalikuwa mbao nzima zisizo na uwazi. Miaka 4,000 hivi iliyopita mafundi waliondoa sehemu ya mbao na kuweka vijiti vya kushikilia, ambavyo kwenye baiskeli tunaviita spoku. Gurudumu likawa jepesi na lenye kasi. Lakini kwenye uwazi ule ndipo kisigino cha mtoto kinapoingia.

Mtoto akikaa kwenye keria ya baiskeli au nyuma ya pikipiki, miguu yake mifupi haifiki pa kukanyagia. Inaning'inia kandokando ya gurudumu. Akisinzia au akishtuka, mguu unaingia ndani, unavutwa, kisha unabanwa kati ya spoku na chuma cha fremu. Ngozi ya kisigino huchanika na mara nyingine mfupa huvunjika.

Jeraha hili hudanganya. Siku ya kwanza linaweza kuonekana mchubuko tu, lakini ngozi iliyosagwa ikaanza kuwa nyeusi siku chache baadaye. Ndiyo maana mguu ulioingia kwenye spoku uonwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo, hata kama mtoto ameacha kulia.

Kwa Njombe baridi inaongeza hatari nyingine. Juni na Julai watoto huviringishwa shuka, vitenge na skafu. Ncha ya nguo ikining'inia inaweza kunaswa na gurudumu au mnyororo na kumvuta mtoto, au mama aliyembeba mgongoni. Sweta na soksi nzito ni salama zaidi. Kama ni lazima shuka, ncha zake zichomekwe vizuri.

Mguu ukinaswa

Simamisha chombo mara moja. Usiuvute mguu kwa nguvu wala usirudishe gurudumu nyuma kwa haraka. Mtulize mtoto, mwingine alishikilie gurudumu lisizunguke, kisha spoku zipanuliwe au zikatwe. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Kama haitoki sana, osha jeraha kwa maji safi na ulifunike. Usimruhusu akanyage. Nenda naye kituo cha afya na kadi yake ya kliniki, ili ijulikane kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Akiungua kwa bomba la moshi la pikipiki, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Kabla ya kuondoka

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo kwa safari fupi, kutembea na mtoto ndiko salama zaidi. Kwa safari ndefu, daladala au bajaji ni afadhali kuliko pikipiki.

Pasipokuwa na njia nyingine, asikae mbele juu ya tenki na wasipakiwe watatu. Miguu yake ifike pa kukanyagia, na avae kofia ngumu inayomkaa kichwani. Ya mtu mzima humteremkia machoni au humvuka akianguka. Kwa baiskeli, fundi anaweza kufunga wavu au bati jepesi pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na kiti chenye mahali pa kuweka miguu.

Dereva akisema "ni hapo hapo", mzazi ana haki ya kumjibu: "Subiri kidogo kaka, nimweke mtoto vizuri." Mtoto atachelewa namba dakika mbili, lakini atafika na visigino vyake vyote viwili.