Mtoto Aanze Shule Lini?

Katika mji wetu wa Kigali, kila ufikapo mwezi wa Agosti wazazi huulizana swali moja: "Wako utampeleka lini?" Mwaka wa masomo sasa huanza Septemba, na mwenye mtoto wa miaka mitatu au minne hana raha. Jirani amekwisha mwandikisha wake. Kwa nini wetu abaki nyumbani? Swali hili limeingia nyumbani kwetu Nyamirambo pia, maana mdogo wangu wa kike ametimiza miaka minne. Mama ataka aingie darasa la kwanza mara moja. Baba asema angoje. Nami nimeulizwa, nikaona heri maoni yangu niyaandike katika gazeti letu, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wa zamani walisomao sasa ni wazazi, na sisi tulio bado shuleni ndio tunaowashika mkono wadogo zetu kila asubuhi.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Iko shule ya watoto wadogo, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita chekechea, nasi kwa Kinyarwanda twaiita ishuri ry'incuke. Incuke ni mtoto aliyeachishwa ziwa. Jina lenyewe latukumbusha kwamba huyu ni mtu ambaye juzi tu alikuwa mgongoni mwa mama yake. Shule hiyo ni ya watoto wa tangu miaka mitatu mpaka watimizapo sita. Kisha liko darasa la kwanza la shule ya msingi, ambalo kwa kanuni za nchi yetu mtoto huliingia akiwa na miaka sita. Kuanza chekechea mapema ni jambo moja. Kuiruka chekechea na kuingia darasa la kwanza na miaka minne ni jambo jingine kabisa.

Wazazi wafanyao hivyo si wajinga. Mama yangu si mjinga. Chekechea nyingi mjini ni za watu binafsi, na ada yake humshinda mtu wa kipato kidogo, bali shule ya msingi ya serikali haidai ada. Tena tangu 2021 mpango wa chakula cha mchana umeenezwa mpaka kwa watoto wa shule za msingi na chekechea. Mama aendaye sokoni Kimironko alfajiri, naye hana mtu wa kumwachia mtoto, akiona mlango wa shule uko wazi atamwingiza. Nani atamlaumu?

Lakini mimi nitasema yaliyonipata. Nilizaliwa mwaka 2008. Januari 2013, wakati ule mwaka wa masomo ulipokuwa ukianza mwezi huo, nilipelekwa darasa la kwanza nikiwa na miaka minne. Shule sitaitaja. Vidole vyangu havikuweza kushika kalamu sawasawa. Tulikuwa wengi, na mwalimu hakuweza kunishughulikia peke yangu. Mchana nilisinzia juu ya dawati. Nikarudia darasa lile mara mbili. Jirani yetu mmoja, ambaye mama yake alimweka nyumbani kwa kukosa ada ya chekechea, alianza mwaka 2015 akiwa na miaka sita, tukajikuta tumeketi dawati moja. Yeye alikuwa mgeni mwenye furaha. Mimi nilikuwa mzee wa darasa, niliyekwisha sadiki kwamba sina akili. Nilifika darasa la nne ndipo nikaacha kusadiki hivyo.

Basi, haraka ile ilinifikisha wapi? Haikunitanguliza hata siku moja. Wala si mimi peke yangu. Darasa la kwanza katika nchi yetu hujaa kupita madarasa mengine, kwa sababu ndani yake wamo waliotimiza umri, wamo wasioutimiza, na wamo wanaorudia. Mtoto mmoja akiingia kabla ya wakati wake hujiumiza mwenyewe, na humpunguzia mwenzake nafasi ya kusikilizwa na mwalimu.

Sasa limeongezeka jambo la lugha. Desemba 2019 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba Kiingereza ndicho kitakachofundishia tangu darasa la kwanza. Mdogo wangu nyumbani husema Kinyarwanda, na barabarani Nyamirambo husikia Kiswahili. Kiingereza hajui. Mtoto wa miaka sita aweza kuubeba mzigo huo akisaidiwa. Wa miaka minne, ambaye hata Kinyarwanda chake bado hakijakamilika, atakaa kimya mwaka mzima, na watu watasema ni mzito.

Wako watakaonijibu kwa methali, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli, nami naikubali. Ndiyo maana sisemi mtoto akae bure mpaka miaka sita. Huko Marekani, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, watoto 123 wa familia maskini waliangaliwa tangu mwaka 1962. Baadhi yao waliwekwa katika shule ya watoto wadogo wakiwa na miaka mitatu au minne, wengine hawakuwekwa. Walipokuwa watu wazima, wale waliosoma mapema walionekana kumaliza shule ya sekondari kwa wingi kuliko wenzao. Lakini tutazame shule ile ilikuwaje. Watoto walikaa saa mbili na nusu tu kwa siku. Kila mwalimu alikuwa na watoto wachache, tena alimtembelea mzazi nyumbani kila juma. Watoto walicheza, wakapanga mchezo wao wenyewe, kisha wakaueleza. Faida ilitoka katika malezi ya namna ile. Kuwahi peke yake hakungeileta.

Hata Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya namna hii mwaka 1837 na kuiita bustani ya watoto, aliweka mchezo mbele ya kitabu. Na Finland, nchi isifiwayo sana kwa elimu, mtoto huanza darasa la kwanza mwaka atimizapo miaka saba. Kumbukeni pia kipimo cha zamani katika sehemu nyingi za Afrika: mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Akishindwa alirudishwa nyumbani. Hakikuwa kipimo kamili, lakini wazee walijua kwamba mwili na akili vina wakati wake.

Tufanyeje basi? Shauri langu ni hili. Mtoto wa miaka mitatu au minne apelekwe chekechea ikiwa iko karibu, ikiwa mwalimu hana watoto wengi mno, na ikiwa mchezo ni mwingi kuliko daftari. Ikiwa ada haipatikani, tusimkimbize darasa la kwanza. Mwaka 2017 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa malezi ya watoto wadogo, na katika mitaa mingi yako malezi ya nyumbani, ambapo wazazi majirani hukusanya watoto kwa mmoja wao na kupokezana zamu. Huko mama wa sokoni aweza kumwacha mwanawe bila kumtwika kazi ya darasa. Na wale wenye fedha, wampelekao mtoto wa miaka miwili ili mwaka ufuatao ajue kusoma Kiingereza mbele ya wageni, nao wajiulize wanamsomesha mtoto au wanasomesha fahari yao.

Sisi wanafunzi tunayo sehemu yetu. Tangu Januari 2023 masomo huanza saa mbili na nusu asubuhi, na jioni tunayo nafasi kidogo. Tuwafundishe wadogo zetu kuhesabu kwa mbegu za igisoro. Tuwaambie "Sakwe sakwe!" nao wajibu "Soma!" kisha wafumbue vitendawili. Tuwasimulie hadithi, nao wazirudie kwa maneno yao. Kazi hii haina ada.

Mama bado hajakubali. Jana usiku alisema, "Mwanangu, wewe ulianza na miaka minne, na leo uko sekondari." Nilimjibu kwa heshima, "Ndiyo, Mama, na yule jirani yetu aliyeanza na sita yuko nami darasa moja." Alinyamaza, akaendelea kupeta maharagwe. Septemba haiko mbali. Ikiwa yuko mwanafunzi wa zamani ambaye alimwahisha mwanawe na akaona heri, na aandike gazetini, nasi tutamsikiliza.