Polisi kupelekwa ng'ambo: Bunge liulizwe kwanza

Mhariri,

Kuna jambo linalonikera tangu polisi wetu wapelekwe Haiti. Sipingi Wahaiti kusaidiwa; magenge yamewatesa mno. Ninachopinga ni jinsi Bunge letu lilivyoburutwa.

Tazama tarehe. Mwishoni mwa Julai 2023, Alfred Mutua, wakati huo Waziri wa Mashauri ya Kigeni, alitangaza kuwa Kenya iko tayari kuongoza kikosi na kutoa polisi 1,000. Oktoba 2, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likatoa idhini. Wabunge wetu walikuja kupiga kura Novemba 16. Wangekataaje, ilhali Kenya ilikuwa imeshaahidi mbele ya dunia nzima? Huko ni kuwaita wazee wajadili mahari wakati bibi harusi ameshahamia kwa mumewe.

Aliyesimama imara ni Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu. Januari 26, 2024, aliamua kwamba Baraza la Usalama la Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi nje ya nchi. Kifungu cha 240(8) cha Katiba, kinachodai idhini ya Bunge, kinahusu wanajeshi. Polisi hufuata sheria yao, penye makubaliano ya kusaidiana na nchi inayowapokea. Serikali ikafanya nini? Machi 1 ikatia saini mkataba jijini Nairobi na Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, ambaye hakuweza hata kurudi kwao kabla ya kung'oka mamlakani. Kundi la kwanza likatua Port-au-Prince Juni 25, siku ile ile Bunge letu lilipovamiwa na waandamanaji.

Sheria ya 2012 ya kuridhia mikataba inalipa Bunge la Kitaifa sauti, lakini inaiacha nje mikataba ya nchi mbili inayohesabiwa kuwa ya shughuli za serikali au ya kiutawala. Mwanya huo ni mpana mno. Ahadi ya kupeleka watu kwenye risasi haiwezi kuwa jambo la kiutawala.

Jirani yangu ana mwana katika kikosi hicho. Februari 2025, habari za Mkenya wa kwanza kuuawa Haiti zilipotangazwa, alishinda na simu mkononi hadi jioni, chakula kikapoa mezani. Baadaye alimuuliza mbunge wetu barazani, vijana watarudi lini? Mheshimiwa hakuwa na jibu. Simlaumu sana, maana asiyeshirikishwa tangu mwanzo atajua nini?

Nawasihi wabunge wa mirengo yote wauzibe mwanya huo wa sheria. Asiahidiwe mtu afisa hata mmoja wa Kenya kabla ya mkataba, gharama na muda wa kukaa huko kuwekwa mezani Bungeni, na kamati husika ipewe taarifa kila baada ya miezi mitatu hadi wa mwisho atakaporudi nyumbani.

Msomaji wako,
Voi, Taita Taveta