Joto la Sakafu katika Chumba cha Mzazi



Familia zetu hapa Uingereza, zinapoongeza chumba ubavuni mwa nyumba ili kumpokea mzazi, aghalabu huchagua kupasha joto sakafu badala ya kutundika redieta ukutani. Uamuzi huo tunauunga mkono. Mzee aswaliye na kuketi na uradi wake juu ya msala anafaidika na joto litokalo chini. Lakini baridi ya kwanza ikiingia, mama hulalamika, mwana hupandisha themostati hadi nyuzi 30, na usiku wa manane nyumba nzima inafungua madirisha.

Chanzo ni kutoijua tabia ya zege. Maji ya moto hupita katika mabomba yaliyozikwa sakafuni. Zege hulipokea joto kwa saa kadhaa, na huliachia polepole vilevile. Kupandisha themostati hakuharakishi lolote, bali huchelewesha kuzima. Chumba kiwekwe nyuzi 20 au 21, kisha kiachwe. Usiku zikipunguzwa, ziwe nyuzi 2 tu, na kuwasha kutangulie Alfajiri kwa saa kadhaa. Kuzima kila mtu atokapo, ambako kwa redieta ni kukwepa israfu, hapa hakuna faida kubwa. (Sisi tunaosoma bili ya gesi ya msikiti hatulisemi neno israfu kwa wepesi.)

Chumba cha nyongeza, chenye kuta tatu zinazopigwa na baridi, kisitawaliwe na themostati ya sebuleni. Kiwe na yake na vali yake. Tena redieta za zamani huweza kutaka maji ya nyuzi 60 au 70, ilhali sakafu hutosheka na 35 hadi 45. Fundi aweke vali ya kuchanganya maji. Akisema si lazima, tafuteni mwingine.

Linalotutia hofu zaidi ni kisukari. Mzee ambaye nyayo zake zimekufa ganzi huweza kuungua asihisi. Viwango vya Ulaya vinataka uso wa sakafu ya chumba cha kukaa usizidi nyuzi 29, basi pawekwe kipimajoto ndani ya sakafu yenyewe, kizime maji joto likifika hapo. Msala mwembamba hauna neno. Godoro lililotandikwa chini hufungia joto, na pale chini yake nyuzi hupanda. Mama aliyezoea kulala chini tangu Pemba atafutiwe kitanda kifupi chenye miguu, na nyayo zake zitazamwe kila siku anaposaidiwa kutawadha.