Kuondoa Nyama si Kuhalalisha Chungu

Wahenga walisema: ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Sijapata kuipenda methali hii, na kila nisikiapo wasafiri wetu wakisimulia walivyokula Hungaria, huzidi kunichukiza. Wako waliolivunja jicho kweli: walikula kila walichopewa maadamu hawakuona kipande cha nyama. Na wako waliofumba yote mawili: walikaa Budapest kwa biskuti na samaki wa kopo, wakarudi kutuambia kwamba nchi ile haina chakula ila nguruwe. Nawapinga wote, kwani kosa lao ni moja: hapana aliyeuliza.

Nianze na hao wa kwanza. Hoja yao ni kwamba ukiagiza kisicho na nyama, umesalimika. Lau nguruwe wa Hungaria angekaa katika nyama peke yake, ningewaunga mkono. Lakini yeye hukaa katika mafuta. Mapishi mengi ya asili ya nchi ile huanza kwa kitunguu kukaangwa katika mafuta ya nguruwe, kisha hutiwa paprika, ndipo vikafuata vyengine. Főzelék, ile mboga nzito ya dengu, njegere au maboga, aghalabu hufanywa nzito kwa unga uliokaangwa, na yamkini unga huo ukawa umekaangwa katika mafuta yale yale. Lecsó, rojo la pilipili hoho, tungule na vitunguu, mara nyingi hutiwa soseji. Túrós csusza, tambi zenye jibini laini na malai machachu, hunyunyiziwa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa hadi vikakauka. Wapenzi wa fasihi nao wasihadaike na supu ya maharage iliyopewa jina la Jókai Mór, mwandishi mkubwa wa riwaya aliyefariki 1904: ndani yake mna nguruwe wa kukaushwa kwa moshi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza viazi vya paprika katika mkahawa mmoja mdogo. Nilipoletewa sahani, nikamwambia mhudumu kuwa sili nyama. Akairejesha jikoni, akarudi na sahani ile ile, soseji zimetolewa, rojo lingali linameremeta. Hakunidanganya, alinitimizia nililomwambia. Mwenye kosa ni mimi, niliyetaja nyama nikaacha kutaja mafuta. Kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi, kwa kauli iliyo mashuhuri, chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Vipi basi chungu kitatahirika kwa kuchopolewa soseji kwa uma? Hata neno vegetáriánus, ambalo kwa haki yake laondoa mafuta hayo pia, haliondoi pombe. Ile supu yao baridi ya cheri chachu huweza kutiwa mvinyo, na kitamkio cha somlói galuska hutiwa ramu.

Sasa niwageukie watu wa biskuti, ambao hujiona wachamungu zaidi. Kujizuia na haramu ni wajibu. Kumsingizia mwenyeji si uchamungu. Waosmani waliitawala Buda tangu 1541 hadi 1686. Kaburi la Gül Baba, derweshi wa tarika ya Bektashi aliyefariki mwaka ule wa 1541, liko Budapest hadi leo. Paprika yenyewe Wahungaria waliwahi kuiita pilipili ya Kituruki. Uislamu ukatambuliwa huko kwa sheria mwaka 1916. Nchi yenye habari hizi yaambiwaje kuwa haina hata tonge moja la Muislamu?

Gulyás, fahari ya jiko lao, imechukua jina la wachunga ng'ombe, na nyama yake ya asili ni ya ng'ombe. Budapest mna mabucha ya Waislamu. Chukua nyama ya huko, kaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti katika chungu kisafi, tia paprika na viazi: hiyo ni gulyás, haikupungua kitu. Iko lángos, mfano wa andazi bapa la hamira, hupakwa thomu, malai machachu na jibini. Uliza tu limekaangwa kwa mafuta gani, na humo humo kumekaangwa nini. Mwenye kukimbilia duka la kebabu kwa kuwa limepakwa jina la Kituruki naye hakuuliza, na jina juu ya mlango halichinji mnyama.

Hapa ndipo nionapo uchungu wa mfasiri. Wasafiri wetu hudhani kuwa neno halali hujifasiri lenyewe kokote liendako. Kwa Kihungaria hal ni samaki, na halál ni mauti. Ukimwendea mpishi wa kijijini na neno lako moja, huenda akakuletea samaki, au akadhani unatabiri msiba. Wala samaki huyo hana dhamana, kwani kitunguu cha supu yake nacho huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Jifunze disznózsír, ndiyo mafuta ya nguruwe. Sertés, ndilo jina la nguruwe kwenye vibandiko vya dukani. Szalonna, kolbász, na bor, yaani mvinyo. Kisha uliza: Disznózsírral készült? Limepikwa kwa mafuta ya nguruwe? Maneno mawili hayamshindi mtu aliyehifadhi beti za kale tangu utotoni.

Nyinyi mliosoma na kuishi huko miaka, lawama yangu kubwa ni kwenu. Mmerudi na shahada na picha za mto Danube, lakini hakuna aliyemwachia anayefuata hata ukurasa mmoja wa majina ya vyakula na vinavyotiwa ndani yake. Uandikeni, kabla mwengine hajafunga biskuti zake sandukuni.